Mafahali Wawili Hawakai Zizi Moja: Kuchagua Samaki wa Tangi Dogo la Nyumbani



Kila mwaka jarida letu hujaa mashairi, methali na visa vya kuchekesha, na ni vyema iwe hivyo. Mwaka huu naomba ukurasa nizungumze juu ya samaki. Najua wako watakaosema, "Ati mtoto wa Amu atatueleza nini kuhusu samaki tusichokijua?" Kweli, sisi tumezaliwa tukamkuta changu, tafi na kolekole pale sokoni, na twajua yupi wa kupaka na yupi wa kukaanga. Lakini samaki nitakaowaeleza hawapikwi. Ni samaki wa maji matamu, wanakaa ndani ya tangi la kioo sebuleni, na kazi yao ni kutazamwa. Hawa mimi sikuwajua, na kutowajua kwangu kuliwaua sita.

Samaki saba na pesa za Bibi

Nilipokuwa Kidato cha Pili, Bibi yangu alinizawadia pesa kwa kufanya vizuri katika mtihani. Nilikwenda kwa fundi wa vioo, akanitengenezea tangi la urefu wa sentimita 60, upana 30 na kimo 30. Ukipiga hesabu utaona ni lita 54. Likizo ilipofika nikaenda Mombasa na kuingia katika duka la samaki wa mapambo.

Lo! Macho yangu hayakujua yatue wapi. Nilichagua kama mtu anayechagua peremende: wawili wa manjano wenye mistari myeusi, wawili wa buluu, mmoja mweupe, mmoja wa rangi ya chungwa, na mmoja wa madoadoa. Muuzaji akanihakikishia, "Hawa wote ni wa ziwa moja, ni ndugu hawa." Nikawatia katika ndoo yenye kifuniko, nikaweka pampu ndogo ya hewa inayotumia betri, nikapanda basi mpaka Mokowe, kisha mashua mpaka Amu. Wote saba walifika wazima. Nilijiona shujaa.

Siku ya tatu, mmoja wa buluu alijificha nyuma ya pampu, mkia wake umechanwachanwa. Baada ya wiki moja yule mweupe alikufa. Wiki ya pili wakafuata wawili. Mwezi haujaisha, akabaki mmoja tu: mmojawapo wa wale wa manjano. Naye hakuwa manjano tena. Alikuwa amegeuka mweusi mwenye mistari hafifu ya samawati, akizunguka tangi lote kama askari wa zamu.

Mwalimu wetu wa Bayolojia alikuwa ameniahidi kuwa tangi langu litawekwa maabarani siku ya wazazi. Siku hiyo ilifika, na wazazi wakaja kutazama "samaki wa rangi saba". Walimkuta mweusi mmoja. Bibi yangu alisimama mbele ya kile kioo, akatikisa kichwa, akanena kwa Kiamu chetu, "Mjukuu wangu, umewatia hawa ndani ya mai mamoya bila kuuliza wapatana au hawapatani. Hata paka wa Mkomani hatoki akenda kula Langoni pasiwe na zita."

Maneno yale yaliniuma, lakini ndiyo yaliyonipeleka maktabani. Niliyoyapata huko ndiyo haya ninayowaandikia.

Sikilidi ni samaki gani?

Samaki wale saba ni wa jamii inayoitwa sikilidi. Usidhani ni wageni kutoka mbali. Ngege wa Ziwa Victoria, ambaye jirani zetu wa Tanzania humwita sato au perege, ni sikilidi. Perege wa mto Tana ni sikilidi pia. Lakini makao yao makuu hasa ni yale maziwa makubwa matatu ya Afrika Mashariki: Tanganyika, Nyasa ambalo pia huitwa Malawi, na Victoria. Tanganyika peke yake, lenye kina cha mita 1,470 pale penye kina kirefu zaidi, lina aina zipatazo 200. Nyasa linakisiwa kuwa na aina 800 au zaidi, na wengi wao hawapatikani pengine popote duniani.

Je, aina nyingi hivyo zinaishije katika ziwa moja? Zimegawana. Wako wanaokaa kwenye miamba, wanaokaa kwenye mchanga, na wanaoogelea katikati ya maji. Wako wanaokwangua ukoga juu ya mawe, wanaokula wadudu, na wanaokula samaki wenzao. Hata malezi yao ni tofauti. Majike wengi wa Nyasa hubeba mayai mdomoni kwa muda wa wiki tatu hivi, bila kula, mpaka watoto waweze kuogelea.

Kwa hivyo muuzaji aliposema "wote wa ziwa moja" hakusema uongo, ila aliniambia nusu ya jambo. Ziwa Nyasa lina urefu wa zaidi ya kilomita 500. Samaki akifukuzwa huko ana pa kukimbilia. Katika tangi langu, aliyefukuzwa alikimbia sentimita 60 akagonga kioo.

Maswali matano kabla ya kununua

Wahenga walisema, mchagua nazi hupata koroma. Mimi nilichagua rangi nikapata vita. Tangu siku hiyo, kabla ya kumtazama samaki rangi yake, nauliza maswali matano.

La kwanza, anataka maji gani? Sikilidi wa Tanganyika na Nyasa wanataka maji magumu, yenye chokaa nyingi, na yenye pH ya karibu 8 au kuzidi. Hapa sisi wa Amu tuna bahati. Maji ya visima vyetu hupita katika mchanga na mawe ya matumbawe, na ndiyo maana sabuni haitoi povu upesi na birika la chai huota utando mweupe ndani. Nilipoyapima maabarani yalionyesha pH ya karibu 8. Lakini tahadhari! Maji magumu si maji ya chumvi. Usichote maji ya bahari ukadhani yatafaa, wala maji ya kisima kilichoingiwa na bahari. Ukiyaonja yakawa na munyu, waachie samaki wa baharini. Maji ya mvua nayo ni laini mno, hayafai yakiwa peke yake.

La pili, atakuwa mkubwa kiasi gani? Samaki wa dukani ni mtoto. Perege mdogo mwenye urefu wa kidole anapendeza, lakini akikua tangi dogo humwia jeneza. Yuko samaki wa Tanganyika anayeitwa frontosa, mwenye nundu kichwani na mistari mipana. Ni mzuri ajabu, ila hufikia sentimita 30 na zaidi, na samaki wadogo kwake ni chakula cha usiku.

La tatu, anakula nini? Tropheus wa Tanganyika ni mla ukoga, na utumbo wake ni mrefu. Ukimlisha vyakula vya nyama kila siku tumbo huvimba akafa. Sasa ukimchanganya na mla nyama, utamlisha nani umnyime nani? Sufuria moja haiwatoshi.

La nne, anadai eneo kubwa kiasi gani? Hapa ndipo maneno ya Bibi yalipo. Kila mmoja wetu amewaona paka wa mji huu. Wa forodhani ni wa forodhani, na akipita katika kichochoro cha wengine utasikia kelele. Sikilidi ni vivyo hivyo. Dume hushika jiwe lake au shimo lake, akamfukuza kila anayekaribia, na humchukia zaidi anayefanana naye kwa umbo na rangi. Yule wa manjano niliyemnunua jina lake la kisayansi ni Melanochromis auratus. Ni katika wale wakaao miambani, ambao watu wa Malawi huwaita mbuna. Jike na watoto wana rangi ya manjano, lakini dume akishatawala hugeuka mweusi. Yuko katika orodha ya wakali wa mbuna, na mimi nilinunua wawili kwa sababu ya manjano yao. Nyumba njema si mlango.

La tano, awe na wenzake wangapi, na wa jinsia gani? Kwa mbuna, dume mmoja huwekwa na majike watatu au zaidi, ili ghadhabu zake zisimwangukie jike mmoja. Madume wawili wa aina moja katika tangi dogo ni mafahali wawili katika zizi moja. Aidha, usichanganye aina mbili zinazokaribiana sana, maana watazaana na watoto watakuwa si wa huku wala si wa kule.

Tangi lako ni la ukubwa gani?

Baada ya maswali hayo, pima tangi. Ukizidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, kisha ukagawanya kwa 1,000, utapata lita. Haya ndiyo niliyoyakusanya.

Tangi la lita 50 hadi 60: chagua aina moja tu, tena ya wale sikilidi wadogo wa Tanganyika wanaoishi ndani ya makombe ya konokono. Mmoja wao ni Neolamprologus multifasciatus, ambaye dume lake halifikii sentimita 5. Ni miongoni mwa sikilidi wadogo kabisa duniani.

Tangi la lita 100 hadi 120: unaweza kuwaweka hao wa makombe upande wa mchanga, na upande wa pili ukajenga rundo la mawe kwa ajili ya jozi moja ya Julidochromis, samaki wembamba wapendao nyufa. Huyu ana mawe, yule ana mchanga, kila mtu na chake.

Tangi la lita 200 na kuzidi, lenye urefu wa mita 1 na robo hivi: hapo ndipo mbuna wanapoweza kuingia, tena wale wapole. Labidochromis caeruleus ana manjano ya kweli kweli, dume kwa jike, na hana makuu. Anaweza kukaa na acei, mbuna mpole wa rangi ya zambarau. Mawe yawe mengi, yapangwe mpaka karibu na juu, ili anayefukuzwa apotee machoni.

Kumbe basi mimi niliwatia katika lita 54 samaki ambao hata lita 200 zingewafanya wagombane.

Tangi la pili

Nilianza upya, safari hii polepole. Nilimwaga kila kitu, nikaweka mchanga uliooshwa mara kumi. Msiende kuchota ovyo vilima vya Shela, maana mchanga ule ndio unaotuhifadhia maji ya kunywa. Mimi niliomba karai moja kwa mwashi. Nikaweka na kipande cha jiwe kuukuu la matumbawe kutoka ukuta uliobomolewa, kwani jiwe lile huachia chokaa kidogo kidogo na kuyadumisha maji katika ugumu wake. Tumbawe hai la baharini halingolewi kwa ajili ya mapambo.

Kisha nikaokota makombe matupu ya konokono ufuoni, kumi na tano, yenye mlango wa kutosha kidole gumba. Niliyokuta yana kaa ndani niliyaacha, maana nayo ni nyumba ya mtu. Nikayachemsha, nikayaloweka katika maji matamu siku tatu ili chumvi itoke.

Halafu nikangoja. Hili nalo sikulijua mwanzo. Kinyesi cha samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu, na sumu hiyo huwa kali zaidi katika maji yenye pH ya juu kama yetu. Wako bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitreti isiyo na madhara makubwa, lakini huchukua kati ya wiki nne na sita kujijenga katika kichujio na mchanga. Kwa hivyo nilitia punje chache za chakula ndani ya tangi lisilo na samaki, pampu ikawa inazunguka, na ndugu zangu wakawa wananicheka: "Leo samaki wako wa hewa wameshiba?"

Nikaagiza wale wa makombe, sita, wa aina moja. Walipofika, Bibi alivaa miwani akawatafuta. "Wako wapi? Hawa ndio uliowangoja miezi miwili? Ni kama dagaa!" Hakukosea. Rangi yao ni ya kijivu yenye mistari ya hudhurungi, hawana buluu wala manjano.

Lakini subiri uwaone wakifanya kazi. Kila mmoja alichagua kombe lake siku ile ile. Akaanza kuchota mchanga kwa mdomo, akautema kando, mpaka kombe likazama na kubaki mlango tu. Ukikaribia kioo wote hutumbukia ndani kwa pamoja, na baada ya dakika moja vichwa hutokea tena mlangoni. Hugombana, ndiyo, lakini ni ugomvi wa jirani na jirani: anamsogelea, anamtunishia mapezi, kisha kila mtu anarudi mlangoni kwake. Baada ya miezi michache niliona vitu vidogo kama nukta vikielea juu ya mlango wa kombe moja. Walikuwa watoto. Hawakufukuzwa walipokua. Waliendelea kukaa mtaa ule ule pamoja na wazazi wao, vizazi viwili na vitatu. Bibi sasa huweka kiti chake mbele ya tangi baada ya sala ya alasiri, na husema hao wamejenga mji, kila mmoja ana daka lake.

Hatukuhitaji kipasha joto. Samaki hawa wanataka nyuzi 24 hadi 28, na Amu yetu haina baridi. Taabu yetu ni kaskazi. Maji yakipata joto sana hewa hupungua ndani yake. Liweke tangi mbali na dirisha la jua, ndani ya chumba chenye kuta nene za mawe. Umeme ukikatika, ile pampu ya betri iwe karibu. Kila wiki badilisha robo ya maji, na usiwape chakula zaidi ya wanachomaliza kwa dakika mbili.

Wazee walijua

Wakati wa kusoma haya nilikumbuka jambo. Katika majumba ya kale ya Amu, ndani ya choo mna birika la maji lililojengwa ukutani. Ukienda katika nyumba ya makumbusho ya Kiswahili utaliona. Wazee walikuwa wakiweka humo samaki wadogo wale viluwiluwi vya mbu. Na chini kabisa, sakafuni mwa birika, walijengea bakuli la kauri, ili maji yakichotwa yakaisha, samaki wabaki na kidimbwi cha kuishi. Tazameni busara hiyo! Walichagua samaki wa kutosha mahali pale, wakamwachia pa kukimbilia siku ya dhiki. Mimi mwenye tangi la kioo na pampu ya betri sikuwaachia wangu hata jiwe.

Tangi kubwa kuliko yote

Yule mweusi wangu je? Rafiki yangu mmoja alinishauri nimtupe katika Ziwa Kenyatta kule Mpeketoni, "awe huru". Nilikaribia kukubali. Mwalimu alinizuia kwa kunisimulia habari za Ziwa Victoria.

Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, sangara, ambaye Waluo humwita mbuta, aliingizwa katika ziwa lile. Ni samaki anayeweza kufikia uzito wa kilo 200. Ziwani mlikuwa na mamia ya aina za sikilidi wadogo waitwao furu, ambao hawakuwahi kuishi na mlaji kama huyo. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980, sangara alikuwa amejaa kila mahali, na wataalamu wanakisia kuwa aina zipatazo 200 za furu zilikuwa zimetoweka au zimebaki chache mno. Uchafu wa maji na uvuvi nao ulichangia. Sangara ameleta biashara kubwa, hilo halikatazwi, lakini furu waliopotea hawarudi. Ni kosa lile lile langu, la kumtia samaki majini bila kuuliza ataishi na nani.

Kwa hivyo samaki wa tangi asitupwe mtoni wala ziwani, hata siku moja. Mweusi wangu yuko maabarani, peke yake katika tangi la shule, na wanafunzi wa Kidato cha Kwanza wamempa jina la Sultani. Anatawala maji matupu.

Kalamu naiweka chini hapa. Ewe unayetaka kuanza, usiende dukani na pesa kabla ya kwenda na maswali. Uliza maji, ukubwa, chakula, eneo na idadi, na rangi uiulize mwisho. Ukiona majibu hayalingani, rudi nyumbani na pesa zako. Mimi nilirudi na ndoo iliyojaa, na sita kati ya saba nikawazika chini ya mwembe wa Bibi.